Fimbo ya Pont Hesgin

Nyani hukaa juu ya tawi akawacheka wenzake walio chini kwa wekundu wa makalio yao, wala haimjii akilini kujipapasa. Wahenga walipomwona hivyo walituona na sisi binadamu: macho tumewekewa mbele, na aibu zetu tunazibeba nyuma. Nyani haoni kundule. Anayedhani methali hii ni ya kuchekea tu, na asikilize yaliyompata Bwana Meredydd Pugh kwenye reli ya Cwm Hesgin, Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa Agosti.

Reli hiyo ni ya njia moja, kilomita kumi na nane, kutoka Aberhesgin bondeni hadi Blaen Hesgin, kwenye machimbo ya mawe ya kuezekea yaliyofungwa zamani. Huendeshwa na watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu, ambao wikendi hupaka masizi mashati yaliyopigwa pasi vizuri Ijumaa. Wageni huja kwa matembezi ya siku moja, wakapanda mabehewa yanayokokotwa na injini ya mvuke, wakanywa chai na kutazama kondoo kwenye mvua.

Katikati ya njia ipo stesheni ya Pont Hesgin, mahali pekee ambapo treni mbili zinaweza kupishana, na kando ya stesheni kipo kibanda cha ishara, kinachoruhusu treni kuondoka. Mwenye kibanda alikuwa mzee Idwal Breese, umri wake miaka sabini na saba. Alikuwa miongoni mwa wale waliofyeka miiba wakati reli ilipokuwa imezikwa vichakani na watu wa mji wakiwaita wendawazimu. Tangu mkewe afariki, kibanda kile ndicho kilichokuwa kikimtoa kitandani asubuhi.

Sasa mtu asiyejitaja jina alikuwa ameiandikia kamati kwamba mzee amekuwa mzito, anasahau. Kamati ikamtuma Bwana Pugh, mkuu wa usalama, asafiri siku moja, atazame, na Jumanne alete ripoti. Akisema mzee hafai, funguo za kibanda zingechukuliwa. Idwal alijua hayo. Kila mtu alijua.

Bwana Pugh alikuwa naibu mwalimu mkuu kwa miaka thelathini na mmoja, na kustaafu hakukumtoa ualimu. Hakuna kosa la mtu lililompita. Alitembea na daftari dogo jeusi, na ukiliona likifunguliwa ulijikagua vifungo. Mchana huo aliketi katika behewa la chai kabla treni haijaondoka Aberhesgin, akamkuta Menna Tudor akipanga vikombe.

"Chai, Mwalimu?"

"Baadaye. Leo niko kazini."

"Kazi ya kumwinda Idwal?"

"Ya kumchunguza, Menna. Sina chuki naye hata chembe. Lakini mtu akichakaa, amechakaa."

"Basi tujifiche sote," Menna alisema huku akifuta kijiko. "Wewe mwenyewe wiki jana ulivaa sweta nje ndani mchana kutwa. Tukakustahi."

Bwana Pugh akajitia hamnazo, akageukia dirisha.

Katika reli ya njia moja, usalama wote umo katika fimbo. Kila kipande cha njia kina fimbo moja tu ya mti, ina urefu wa mkono na bamba la shaba lenye jina la kipande hicho. Treni isiyokuwa na fimbo haithubutu kuingia. Kwa kuwa fimbo ni moja, treni haziwezi kuwa mbili, na hapo hakuna kugongana. Treni ya kupanda ikifika Pont Hesgin, mchochea moto hushuka na fimbo ya kipande cha chini, akamkabidhi mtu wa ishara mkono kwa mkono. Mtu wa ishara huisoma shaba kwa sauti, kisha huipeleka kwa treni ya kushuka inayoisubiri. Mtoto wa reli hufundishwa jambo hilo siku ya kwanza. Aliyekuwa akilifundisha ni Bwana Pugh.

Treni ilifika Pont Hesgin saa nane na dakika ishirini. Ile ya kushuka ilikuwa imekwisha kufika, imejaa wazee wa kwaya waliotakiwa kuiwahi treni kubwa kule Aberhesgin. Lowri, msichana aliyekuwa mchochea moto wa treni ya kupanda, aliruka chini na fimbo. Bwana Pugh alikuwa amesimama pale pale mlangoni pa behewa lake, mwavuli mkononi.

"Nipe hiyo, Lowri. Nitampelekea mwenyewe."

Lowri akasita. "Sheria inasema nimpe mimi, Mwalimu."

"Na sheria hiyo aliiandika nani?"

Bwana Pugh alikuwa amemfundisha Lowri hesabu kwa miaka mitano, na ukimwogopa mwalimu ukiwa na miaka kumi na miwili, hofu hiyo hukua nawe. Lowri akampa fimbo, akarudi kwenye injini kujaza maji.

Nia ya Bwana Pugh ilikuwa kumjia Idwal kwa ghafla, aone kama mzee ataisoma shaba. Lakini hajafika mbali, mama mmoja mgeni akamuuliza kile alichoshika ni kitu gani. Nani amuulize mwalimu swali kisha apate jibu fupi? Akaieleza fimbo tangu siku za machimbo. Watu wakazunguka. Akaiinua ili wapige picha, akaishusha, akaiinua tena, kifua kimemjaa kama jogoo wa uani. Mvua ilipoanza kunyesha, wageni wakakimbilia behewa la chai, naye akawafuata huku akiendelea kueleza. Akaingia, akaweka mwavuli pembeni pamoja na vyote vilivyokuwa mkononi, akaketi, akaletewa chai na mkate wa zabibu kavu.

Dakika tano zikapita. Zikapita kumi. Bwana Pugh akatazama saa yake, kisha treni ya kushuka iliyosimama ng'ambo ya dirisha, haisogei. Akafungua daftari. *Saa nane na dakika thelathini na mbili. Kushuka hakujaruhusiwa. I.B. haonekani.* Moyoni, na aibu yake ya kwanza ni hii, alifurahi.

Zilipotimia dakika kumi na tano alitoka nje bila mwavuli. Idwal alikuwa chini ya ngazi za kibanda, kofia imelowa, akitazama huku na huku. Wazee wa kwaya walikuwa wametoa vichwa madirishani.

"Idwal, treni hii inangoja nini?" Bwana Pugh aliuliza kwa ile sauti ya kupanga mistari ya wanafunzi.

"Inangoja fimbo, Bwana Pugh. Sijaletewa."

"Hujaletewa."

"Sijaletewa. Nilidhani Lowri anajaza maji, nikamsubiri."

"Robo saa unasubiri? Watu mia wanakutazama, nawe unasubiri tu?"

Lowri alikuja mbio, mikono myeusi hadi viwikoni. "Kuna nini? Mwalimu, si nilikupa wewe?"

"Ulinipa," Bwana Pugh alisema. "Nami nikampa yeye."

Alilitamka bila kupepesa macho. Hakukusudia kusema uongo, na hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu mwongo angalau huijua kweli anayoificha. Bwana Pugh aliamini. Alikuwa ametoka na fimbo kwa nia ya kumpa Idwal, na kwa kuwa yeye si mtu wa kusahau, basi alimpa. Aliyesahau alikuwa amekwisha kuchaguliwa tangu asubuhi.

Idwal alimtazama usoni. "Ulinipa?"

"Mkononi mwako."

"Mimi sikumbuki."

"Ndilo tatizo lenyewe, Idwal. Ndiyo maana nimetumwa hapa."

Mzee hakubisha. Alipanda ngazi taratibu, na kupitia vioo vya kibanda watu wote walimwona akifungua droo moja baada ya nyingine. Alitazama nyuma ya birika, akainua mto wa kiti chake, akatia mkono mfukoni mwa koti lake, ingawa fimbo haiwezi kuenea katika mfuko wowote. Mwishowe akapiga magoti sakafuni akapapasa chini ya meza. Mmoja wa wazee wa kwaya akasema, "Maskini," na mwenzake akamwambia nyamaza.

"Mzee, acha," Lowri aliita kutoka chini. "Shuka, tutatafuta sote."

"Mwache atafute," Bwana Pugh akasema, akaandika. "Ni lazima ajionee."

Hapo ndipo Menna Tudor aliposhuka kutoka behewa la chai, aproni imelowa mvua. Mkono wa kushoto alishika mwavuli. Mkono wa kulia alishika fimbo, ameikamata kama mtu anayekwenda kusukuma chapati.

"Mwalimu," alisema, "umeacha mwavuli wako. Na hii."

Bwana Pugh aliitazama fimbo, akayaona maandishi ya shaba, akaona na alama ya dole gumba lake mwenyewe juu yake. Kumbukumbu ikamrudia yote kwa mpigo: mama mgeni, picha, mvua, kona ya behewa. Damu ikampanda usoni hadi masikioni.

Idwal alishuka, magoti ya suruali yake yana vumbi. Aliipokea fimbo kwa Menna, akaifuta kwa leso, akasoma shaba kwa sauti iliyofika hadi behewa la mwisho: "Pont Hesgin hadi Aberhesgin." Akaipeleka kwa dereva wa treni ya kushuka. Ishara ikainuka. Treni ikaondoka imechelewa dakika ishirini na sita, na wazee wa kwaya walipopita mbele ya Bwana Pugh walitazama upande wa pili, wote, kama waliokubaliana. Angependa wamzomee.

Treni ya kupanda nayo iliondoka. Bwana Pugh hakupanda. Hakuweza kuingia tena katika behewa lile na kuketi mbele ya kikombe chake. Alibaki kwenye mvua, kisha akapanda ngazi za kibanda, akagonga mlango ulio wazi.

Idwal alikuwa ameinamia kitabu kikubwa cha treni. Sheria inataka kila ucheleweshaji uandikwe pamoja na sababu na jina la mhusika.

"Niandike nini, Bwana Pugh?"

"Andika jina langu."

"Na sababu?"

"Majivuno."

"Hakuna nafasi ya neno hilo hapa. Kuna 'kosa la mtumishi.'"

"Basi andika hilo."

Idwal akaandika, akakausha wino, akafunga kitabu. "Keti. Maji yamechemka."

"Idwal, nisamehe."

"Kusahau nimekusamehe. Nani hasahau?" Mzee alimimina chai bila kumtazama. "Mimi nilijua hukunipa. Nilijua kama ninavyojua jina la mke wangu. Lakini uliposema 'mkononi mwako', nikaanza kukuamini wewe kuliko kichwa changu. Pale chini ya meza, Meredydd, nilikuwa sitafuti fimbo tena. Nilikuwa najiuliza ni vitu gani vingine nimevipoteza bila kujua."

Bwana Pugh alikishika kikombe, hakuweza kunywa.

Jumanne alisimama mbele ya kamati na ripoti ya ukurasa mmoja. Aliisoma yote, pamoja na sentensi aliyoichukia kuliko zote: *Niliulizwa mbele ya watu, nikasema nimempa, na sikuwa nimempa.* Alishauri Idwal aachiwe funguo zake. Ukuu wa usalama akauweka mezani, na hakuna aliyemsihi auchukue.

Idwal yuko kibandani hadi leo. Lakini Lowri anasema kuna jambo limebadilika. Kila akimkabidhi fimbo, mzee huisoma shaba, kisha akiwa ameishika kwa mikono miwili humuuliza taratibu, "Umenipa, siyo?" Lowri humjibu, "Nimekupa, mzee." Hapo ndipo huenda kuipeleka.

Bwana Pugh siku hizi huosha mabehewa. Jumamosi moja, ndoo mkononi, aliyasikia maneno hayo mawili kwa masikio yake, akageuza uso kuelekea dirisha alilokuwa akilisugua. Alikwenda Pont Hesgin kumtafuta mtu aliyechakaa, akamwacha mwenzake akijitilia shaka maisha, na kosa lenyewe alikuwa amelishika yeye mkononi akipigwa nalo picha. Wahenga hawakukosea: nyani haoni kundule.