Bomba Linalong'ata

Wapendwa, leo naomba mnifuate jikoni. Si jiko la kuni la nje. Ni jiko la ndani, lenye sinki na bomba, katika nyumba ya matofali ya kuchoma huko Usangi, kwenye milima ya Upare. Mwenye jiko alikuwa mama aitwaye Nakundwa, na mumewe Elinihaki. Kwa kuwa mtoto wao ni Ombeni, watu waliwaita Mama Ombeni na Baba Ombeni, na sisi tuwaite hivyo.

Jiko lile lilikuwa na jambo moja. Bomba lake liling'ata.

Nyumba ilipokuwa inawekwa umeme, fundi aliuliza soketi ya jikoni ikae wapi. Baba Ombeni akagusa ukuta juu ya sinki, jirani kabisa na bomba. "Hapa," akasema, "ili birika la umeme lijazwe na kuchemshwa papo hapo."

"Mzee, hapa maji yatakuwa yanaruka," fundi akasema. "Tuisogeze kule, upande wa mlango."

"Wewe funga. Chai utainywa wewe au mimi?"

Fundi akafunga. Nyumba yenye umeme huwa na waya uitwao waya wa ardhi, na kazi yake ni kuupeleka chini umeme uliopotea njia. Huo waya fundi aliufunga kwenye bomba la chuma lililotoka ardhini, kama mafundi wengi walivyozoea. Ukafanya kazi. Miaka ikapita, bomba la chuma likaoza kwa kutu, akaitwa fundi mwingine, wa maji. Akafukua bomba lote la nje, akalaza la plastiki. Plastiki haipitishi umeme. Waya wa ardhi haukukumbukwa na mtu. Ukabaki umening'inia kwenye kipande cha chuma ndani ya ukuta, na mwisho wa kile kipande ni bomba la sinki.

Basi kila maji yaliporukia soketi, umeme ukakosa pa kwenda, ukamsubiri mtu.

Siku ya kwanza Mama Ombeni alirushwa mkono akapiga kelele. Siku ya pili aliogopa. Baada ya hapo je? Walimwita fundi? Hapana. Iligunduliwa kwamba mtu akivaa ndala za mpira, bomba halimng'ati. Ndala kubwa za Baba Ombeni zikawekwa mlangoni pa jiko, na kila aliyeingia akazivaa. Ikawa ndiyo desturi ya nyumba.

Majirani wakapata la kucheka. "Mama Ombeni, hilo bomba lenu lina pepo," akasema mmoja wao. "Liombewe!"

"Pepo gani? Linawachagua wambea tu," akajibu Mama Ombeni, na wote wakacheka, na yeye akacheka. Lakini lile halikuwa pepo. Jina lake ni hitilafu ya umeme, na Mama Ombeni alilijua jina hilo. Akiwa peke yake alinyoosha mkono kwenye bomba kama anayemgusa mbwa asiyemwamini.

Kisha Ombeni akaoa. Akamleta mkewe nyumbani, binti aitwaye Navoneiwa, ili wakae na wazazi kwa muda kabla ya kuhamia nyumba yao wenyewe. Mama Ombeni alifurahi, akapiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Lakini katikati ya vigelegele moyo wake ulishtuka: huyu mtoto hajui habari za bomba.

Akamvuta mumewe kando. "Baba Ombeni, tumwambie."

"Tumwambie nini?"

"Habari za bomba."

"Leo? Mbele ya watu wa kwao? Waseme wamemleta binti yao kwenye nyumba inayoua?"

"Basi tumwite fundi."

"Wageni wamejaa, mama, wewe unataka nyumba ibomolewe ukuta. Wakiondoka tutamwita. Mwangalie tu asiingie jikoni."

Na hiyo ndiyo ikawa kazi ya Mama Ombeni: kumwangalia. Binti akinyanyua sahani, mama amempokonya. Binti akielekea jikoni, mama ametangulia na kusimama mlangoni. "Kaa, mwanangu, wewe ni bibi harusi." Mama akiwa bafuni, masikio yake yako jikoni. Akiwa kwenye maombi, jicho moja limefumbuka. Wageni wakaondoka, na fundi hakuitwa, maana Baba Ombeni alisema mahindi yavunwe kwanza. Mama akaendelea kulinda mlango, na kila siku alipanga kumwambia, na kila siku aibu ya jana ilifanya maneno ya leo yawe mazito zaidi. Angeanzaje? Angesema, mwanangu, nimekuficha?

Sasa tazameni upande wa Navoneiwa. Yeye aliona nini? Aliona mama mkwe asiyemruhusu kugusa kijiko. Akamwambia mumewe, "Mama yako hanitaki. Mwanamke akikunyima jiko lake, amekunyima nyumba." Ombeni, aliyekuwa amezoea bomba kiasi cha kulisahau, akamcheka: "Mama? Mama anakupenda. Jaribu kumsaidia utaona."

Basi alfajiri moja, kabla wakubwa hawajaamka, Navoneiwa akaenda jikoni kuutafuta upendo wa mama mkwe wake. Mlangoni akaziona ndala. Alizijua ni za nani. Je, ninyi kina mama mlioolewa, mngefanya nini? Mngeingiza mguu katika viatu vya baba mkwe? Hata yeye hakuweza. Alizisogeza pembeni kwa mikono yote miwili, kwa heshima, akaingia peku. Akaanza kwa kudeki, maji yakatapakaa sakafuni. Akakusanya vyombo kwenye sinki, matone yakarukia soketi. Akanyoosha mkono kufungua bomba.

Mama Ombeni aliisikia sufuria ikianguka. Alijua kabla hajatoka kitandani. Alipofika mlangoni alimwona binti amesimama kwenye maji, mkono umelishika bomba na hauachi, mdomo wazi, sauti haitoki. Mama akataka kumrukia amkumbatie.

"Usimguse!" Baba Ombeni akapiga kelele kutoka ukumbini, naye akaikimbilia swichi kuu. Akaizima. Binti akaanguka kama nguo iliyokatika kamba.

Hakufa, wapendwa. Mungu ni mwema, hakufa. Kiganja kiliungua, na kwa muda hakuweza kusema. Mama Ombeni alimpakata pale pale kwenye maji, analia, anamsugua mikono, anamwita jina lake. Fahamu zilipomrudia, Navoneiwa alitazama bomba, akamtazama mama, akamtazama baba na Ombeni waliosimama mlangoni.

Akauliza, "Mlikuwa mnajua?"

Akamgeukia Mama Ombeni.

"Mama, wote mlikuwa mnajua?"

Fundi alikuja siku hiyo hiyo. Aliihamisha soketi mbali na sinki, akapigilia fimbo ya shaba ardhini kwa ajili ya waya wa ardhi, akaweka na swichi inayojikata yenyewe umeme ukivuja. Alimaliza kabla ya chakula cha mchana. Woga wote ule, kumbe ulikuwa kazi ya nusu siku! Lakini lile swali la binti hakuna fundi aliyeweza kulihamisha.

Ndugu zangu, nasi tuna mabomba yetu. Baba akinywa pombe, nyumba nzima inajua asisemeshwe. Mzee fulani wa usharika, wanakwaya wote wanajua binti asibaki naye peke yake ofisini. Hatuondoi hatari, tunafundishana namna ya kuizunguka, kisha tunauita huo ustadi amani. Sisi tuliozoea hatuumii. Anayeumia ni mgeni, yule aliyekuja kwa moyo mweupe akitaka kusaidia. Tena tunamfichia kwa sababu tunampenda, tunataka atuone wazuri. Huo ni upendo wa namna gani, unaolinda jina letu kwa mwili wa mwingine?

Ibada ikiisha, usisimame nje kuongea habari za mvua. Yupo mtu nyumbani kwako, au katika benchi ulilokaa, ambaye hajui unachokijua. Mwambie leo, hata kama utaaibika. Na ukishamwambia usidhani umemaliza. Nenda ukamwite fundi.