Bi Pimbi Amwonjesha Ndovu Mtihani Wake

Hapo zamani za kale, Pimbi akiwa bado na mkia wake (na ulikopotelea najua mimi peke yangu), wanyama wote walisomesha watoto katika shule moja, na mwenye amri pale alikuwa Mzee Ndovu.

Siku moja Ndovu akatangaza mtihani. Kila swali limechimbiwa vishimo vinne. Mtoto adondoshe kokoto kwenye kishimo cha jibu. Atakayekosa, shule basi: apewe jembe akachimbe bwawa la kuogea Ndovu.

Kwenye mtihani wa majaribio, Mashavu, binti wa Bi Pimbi, akakosa. Akarudi nyumbani analia, kwi kwi kwi.

"Umeulizwa nini?"

"Mvua ya kwanza duniani ilitokea upande gani, mama."

"Wamekuuliza ni nani hupiga mluzi tai akiwa bado nukta mawinguni, wenzake wakawahi kujificha?"

"Hawakuuliza, na mpiga mluzi ni mimi."

"Basi jembe hulishiki, mwanangu."

Bi Pimbi akapita nyumba hadi nyumba. Mama Swala akanong'ona. "Shoga, Ndovu atatukanyaga."

"Tukimwendea mmoja mmoja, atatumaliza. Kesho, kwenye mtihani wenyewe, mtoto yeyote asiokote kokoto. Mikono nyuma. Mengine niachieni mimi na chungu changu."

Asubuhi watoto wakasimama mbele ya vishimo, mikono nyuma, wazazi wao wamesimama nyuma yao. Fisi, msimamizi wa mtihani, akafoka, "Okoteni!" Hakuna aliyeinama.

Ndovu akaja, du, du, du. "Nani kawafundisha kiburi?"

"Tutaongea, baba. Kwanza kifungua kinywa," akasema Bi Pimbi, akatua chungu cha uji.

Ndovu akanusa, akarudisha mkonga. "Onja wewe. Mleta chungu huonja kwanza, tujue hakina sumu. Au kwenu hamna mila?"

"Hebu rudia, baba, wa nyuma hawajasikia."

"Mleta chungu huonja kwanza!" Kunguru wakaruka mitini.

Bi Pimbi akaonja. Ndovu akanywa, gugu gugu gugu, akafuta midomo.

"Sasa zamu yako," akasema Bi Pimbi. "Nawe umewaletea watoto wetu chungu. Onja."

"Chungu gani?"

"Mtihani."

Ndovu akageuka huku na huku. Macho yote kwake, na mila kaitangaza mwenyewe. Akaokota kokoto. "Uliza, Fisi. Mimi ndiye mwenye shule."

"Mvua ya kwanza duniani ilitokea upande gani?"

Ndovu akatazama mashariki. Akatazama magharibi. Masikio yakampepea kama majani ya mgomba. Mwisho akainua mguu, pwaa! Akavikanyaga vishimo vyote vinne. "Nimejibu."

"Anayejibu vyote amekosa," akasema Fisi kwa mazoea, kisha akajiziba mdomo. Wapi, limeshatoka.

Mashavu akatoka mstarini akiburuta jembe lililowekewa watakaokosa, kwaru kwaru, akalilaza mbele ya Ndovu. "Shikamoo, babu. Bwawa liko kule."

Ndovu akalitazama jembe. Akakohoa. "Mtihani huu, nadhani, haujaiva."

"Basi urudi jikoni," akasema Bi Pimbi, "na watoto waingie darasani."

Wakaingia wote, Mashavu mbele. Hadithi yangu nimeifikisha mlangoni mwa darasa. Anayebisha akavitafute vishimo, hatavipata, vilifukiwa siku ile ile.

Chungu usichothubutu kukionja, usimlishe mtoto wa mwenzio.