Watoto wa Raita na Sauti ya Mnarani

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa mpakani, upande wa Shamu, aliishi mwanamke mcha Mungu akiitwa Raita binti Sahli. Alikuwa mjane asiye na mtoto, na riziki yake ilitoka katika tanuri la mikate lililokuwa uani kwake. Wanawake wa mtaa walikanda unga majumbani mwao, wakamletea awaokee, naye akabakishiwa mkate kwa ujira wake. Alikuwa mwingi wa funga na sala, na ulimi wake ulikuwa mzito kwa kusengenya, jambo ambalo kwa mwenye tanuri la mtaa ni karama tosha.

Mwendo wa siku tatu kutoka mjini hapo, milimani, palikuwa na ngome ya jabari mmoja aliyekuwa akiteka misafara. Wanaume aliowateka aliwachongesha mawe, wanawake aliwasagisha nafaka, na watoto waliozaliwa humo hawakujua kwamba kuna mahali pengine duniani. Jabari huyo alipokufa, askari wake walitawanyika kila mtu na njia yake, na watu wa mji wakaenda kufungua malango. Mateka wengi wakapokelewa na jamaa zao. Wakabaki watoto wawili ambao mama yao alifia ngomeni na hakuna aliyewajua: Durra, msichana wa miaka tisa hivi, na mdogo wake Nufeli, wa miaka sita.

Imamu alipouliza msikitini ni nani atakayewachukua, watu walitazama mikeka. Raita alisema kutoka safu ya wanawake, "Nipeni mimi. Mkate upo."

Kumbe mkate ulikuwa ndilo jambo jepesi. Watoto wale hawakugusa chakula mpaka waambiwe "kuleni", na wakiambiwa, walikula kama watu wanaokimbizwa. Kila waliyekutana naye walimwita "bwana", mwanamume au mwanamke, na Nufeli alimwita bwana hata paka wa jirani. Siku ya pili Raita alikwenda kisimani. Aliporudi aliwakuta wamesimama ndani ya kizingiti, mlango u wazi, jua limewachoma mpaka midomo imepasuka, maana walitaka kukaa kivulini nje na hapakuwa na mtu wa kuwaambia "tokeni".

Raita hakuwakemea. Alipokuta vipande vya mkate chini ya mkeka wa Durra, vimeota ukungu, alimletea kikapu chenye kifuniko.

"Hiki ni chako," alimwambia. "Weka akiba yako humu, panya wasiipate. Na mimi usiniite bwana. Niite shangazi."

"Ndiyo, bwana shangazi," alijibu Durra.

Sasa sikiliza lililomkuta mwanamke huyu, maana mtihani haukuja kwa mlango wa shida. Ulikuja kwa mlango wa sifa.

Tangu siku ya kwanza, kila ilipoadhiniwa, watoto wale waliacha walichokuwa wakifanya, wakaenda ukutani, wakasimama migongo imegusa ukuta, mikono imenyooka, macho chini. Hawakutikisa hata ukope. Adhana ilikwisha, wao wakaendelea kusimama. Siku ya nne jirani mmoja aitwaye Lubaba, mwanamke mwema ila mdomo wake haukuwa na kufuli, alikuwa ameleta unga wake akayaona hayo. Karibu aangushe sinia.

"Subhanallah! Bi Raita, watoto wana siku ngapi kwako?"

"Siku nne."

"Siku nne! Wangu nina miaka kumi nawafukuza na mwiko waende msikitini, na hawa wanaganda kwa unyenyekevu kama mawalii! Umewafundisha nini, mwenzangu?"

Raita alisema kwamba hakuwafundisha kitu, na hiyo ilikuwa kweli. Lakini alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayependa asisadikiwe.

Kabla ya Ijumaa mtaa mzima ulijua. Wanawake walianza kuleta unga wakati wa Alasiri, ambao si wakati wa kuoka, ili wawaone watoto wa baraka. Walikuja na wana wao wakawasukuma mbele, "Watazame wenzenu!" Mmoja alileta kitambaa cha mgonjwa wake, akakigusisha kichwani kwa Nufeli. Tanuri halikupoa. Raita aliona utamu moyoni, akajiambia kwamba anafurahi kwa ajili ya dini. Nafsi ni mwizi mwenye adabu, hubisha hodi kabla ya kuiba.

Alhamisi moja uani palijaa watu. Nufeli alikuwa karibu na tanuri akiokota vijiti vya kuni. Ikaadhiniwa Alasiri. Mtoto akatafuta ukuta, na ukuta wa karibu ulikuwa ubavu wa tanuri lenyewe. Akasimama hapo, mgongo na mkono vimegusa udongo wa moto. Hakusogea. Hakulia.

"Allahu Akbar!" alisema mwanamke mmoja. "Hata moto hausikii!"

Raita alimrukia akamvuta. Ngozi ya mkono ilikuwa imeanza kuvimba. Alipompakata alihisi nguo ya mtoto imelowa tangu kiunoni mpaka miguuni, na moyo wake unadunda mbio kama wa njiwa aliyeshikwa.

Akamgeukia dada yake, ambaye bado alikuwa ukutani. "Durra, mwanangu, kwa nini hakuondoka kwenye moto?"

Durra alijibu bila kuinua macho. "Hajahesabiwa."

"Ahesabiwe na nani?"

"Bwana wa mnarani. Akipiga kelele kila mtu ukutani, anatuhesabu. Anayetikisika anatolewa."

"Anatolewa wapi?"

"Sijui. Mama alitikisika. Alikuwa na kikohozi."

Raita alikaa chini kwenye majivu. Wiki mbili nzima, mara tano kwa siku, watoto hawa walikuwa wakisubiri kufa mbele ya macho yake, naye akiwatazama kwa fahari. Alitamani ardhi impasukie.

Wanawake wengi walikuwa mbali, hawakusikia. Angeweza kunyamaza. Nafsi yake ilimshauri hivyo, na ilikuwa na hoja nzuri: kesho Ijumaa imamu anataka watoto wasimamishwe mbele ya waumini wawe mfano, na kwa nini umuaibishe imamu? Watibu polepole, ndani kwako, nani atajua?

Raita akasimama na mtoto mkononi.

"Enyi dada zangu," alisema, "nimejidanganya, na nikawadanganya na ninyi. Hawa si mawalii. Hawa wanaogopa. Huko ngomeni palikuwa na mnara, na juu yake mtu akiita ili awahesabu mateka, na mama yao aliuawa kwa kutikisika. Wanapoisikia adhana yetu hawamsikii Mola. Wanamsikia mtu yule."

Kisha Lubaba akasema, kwa nia njema kabisa, "Hata kama ni hofu, Bi Raita, si imewafikisha kwenye kheri? Waache hivyo hivyo. Watazoea."

"Watazoea nini? Mtoto akimwogopa mwanadamu, nasi tukamwita mcha Mungu, tutakuwa tumemweka nani mahali pa nani?"

Tangu siku hiyo Raita aliwaambia watoto kila adhana, "Kaeni, wanangu. Hapa hahesabiwi mtu." Hawakuweza kukaa. Lakini maneno yalitoka nje ya ua yakiwa yamegeuka: Raita anawafundisha watoto kukaa kitako adhana ikiadhiniwa. Waliokuja kwa baraka wakapeleka unga wao kwenye tanuri la mtaa wa pili. Siku zikapita hana cha kuoka ila mikate mitatu yake na ya watoto. Lilimuuma, tusiseme halikumuuma. Alisubiri.

Kisha akaenda kwa mwadhini. Huyo alikuwa Mzee Ghalibu, mtu wa magoti mabovu na sauti njema, na miaka arobaini alikuwa ameadhini katika mji ule. Raita alimweleza yote. Mzee alishika ndevu zake.

"Sauti yangu?" aliuliza. "Sauti yangu ndiyo inayowafanya wajikojolee?"

"Ndiyo, mzee wangu. Nisamehe."

Machozi yakamtoka, akayapangusa kwa kilemba. "Walete kesho kabla ya Adhuhuri. Na waje juu."

Walipanda mnara polepole kwa ajili ya magoti ya mzee. Nufeli alikataa katakata, kwa hiyo Raita alimbeba mgongoni, akakaa naye kwenye ngazi ya mwisho. Durra alitangulia. Alipofika juu alitafuta kila pembe. Alikuta mtungi wa maji, makubazi makuukuu, na tende mbili juu ya jani.

"Mjeledi uko wapi?" aliuliza.

"Sina, mjukuu wangu."

"Unawahesabu vipi?"

"Siwahesabu. Nitahesabu vipi, na macho yenyewe haya? Mimi naita tu. Nasema njooni kwenye sala, njooni kwenye kufaulu."

"Na asiyekuja?"

"Tazama mwenyewe," alisema Mzee Ghalibu, akaweka viganja masikioni akaadhini.

Durra aliganda, mgongo ukutani, kama kawaida yake. Lakini safari hii alikuwa upande wa pili wa sauti, na macho yake yalikuwa wazi. Chini aliona watu wakitoka madukani kuelekea msikitini. Akaona pia mtu mmoja akiendelea kumpakia punda wake magunia, na wanawake wawili wakibishana bei ya vitunguu. Hakuna aliyekwenda ukutani.

Adhana ilipokwisha alinong'ona, "Wale hawakuja."

"Najua."

"Utawafanya nini?"

"Nitashuka nikasali. Na Alasiri nitawaita tena."

Durra aliwatazama wale wenye vitunguu mpaka walipoachana, wote wawili wazima. Mzee akampa tende.

Msidhani walishuka wamepona. Alasiri ile ile walisimama ukutani. Hofu huingia kwa siku moja, lakini hutoka kwa mwendo wa mgonjwa. Basi Mzee Ghalibu akajiwekea desturi. Kila alipokwenda kuadhini Adhuhuri na Alasiri alizunguka kwanza kwa mlango wa Raita, ingawa haikuwa njia yake, akasema kwa sauti, "Durra, Nufeli, ni mimi babu yenu. Nakwenda kuita." Akirudi kutoka msikitini aliketi uani akala mkate wao, ili waijue sauti na mdomo inakotoka. Watu walimcheka, mzee anaomba ruhusa kwa watoto. Hakujali. Walikwenda hivyo miezi saba, na katika miezi hiyo unga ulirudi mmoja mmoja kwenye tanuri la Raita, wa kwanza ukiwa wa Lubaba, aliyeona haya kwa maneno yake.

Ikawa siku moja ya msimu wa mizeituni. Lubaba yuko uani na sinia lake, Raita yuko mbele ya tanuri, na watoto wanajenga tanuri lao dogo la udongo. Ikaadhiniwa Alasiri. Durra aliinua kichwa, akasikiliza kidogo, kisha akamgeukia Nufeli, "Umeweka maji mengi, mjinga wewe! Litabomoka!" Nufeli akamrushia tope.

Adhana ikaendelea mpaka mwisho, nao wakaendelea kugombana.

"Bi Raita!" alisema Lubaba. "Wameisikia adhana na hawakuinuka!"

Raita alikuwa ameshaweka chini mti wake wa kutolea mikate. Alielekea kibla, akaanguka kwenye majivu akasujudu sijda ya kushukuru, na mabega yake yakatikisika kwa kilio. Lubaba alimtazama, kisha naye akaweka sinia chini akasujudu pembeni yake. Mikate iliungua yote.

Mzee Ghalibu alipoambiwa, alicheka na kulia kwa pamoja. "Miaka arobaini nawaita watu," alisema, "na leo ndiyo mara ya kwanza kumshukuru Mungu kwa walionipuuza."

Mwaka mwingine ukapita. Alasiri moja Durra alikuwa akikanda unga na shangazi yake. Adhana ilipoanza, mikono yake ilitulia ndani ya sinia.

"Shangazi, hiyo njooni anayoisema babu, na mimi nimo?"

"Umo."

"Na nikikataa kwenda?"

"Mkate wako uko kikapuni pale pale," alisema Raita.

Durra alifikiri. Kisha akanawa unga, akatawadha, akajitanda. Akafika kwenye kizingiti kile kile alichosimama siku ya pili na midomo imepasuka, mlango u wazi na hapana mtu wa kumwambia "toka", akakivuka. Nufeli alibaki nyuma na udongo wake. Raita hakumwambia neno, wala huyu wala yule.

Basi ndugu zangu, tumche Mwenyezi Mungu, na tuwe wapole kwa waliotoka mikononi mwa madhalimu. Na tukiona goti limeinama, kabla hatujalisifu, tuulize kwanza ni nani aliyelipiga.