Chokaa Kwenye Paji la Uso

Wametuhadithia waliotutangulia, Mola awaghufirie, kwamba palikuwa na mja mwema katika mji mmoja wa kale wa visiwani, akiitwa Bwana Shekuwe bin Famau, mshona makubadhi. Hakuwa tajiri. Mkisikia habari za mtoaji sadaka msidhani lazima awe na ghala. Huyu alikuwa na sindano, ngozi na mikono yake, basi. Lakini Idi ya nyumba yake haikuwa na mfano, na mimi kila nikiihadithia hurefusha maneno. Mtaniwia radhi.

Zaka ya fitri alikuwa keshaitoa kabla ya sala. Hiyo ni faradhi, na kwake haikuwa habari ya kuzungumzwa. Ninalolisema ni lile la baada ya sala. Vyakula vyote vizuri vilivyopikwa siku hiyo vilipangwa dakani, yaani kwenye ule ukumbi mdogo wa mbele ya mlango wenye baraza za mawe pande mbili, kila sahani imefunikwa kawa. Kisha watu wa nyumba wote, baba, mama na watoto, waliingia ndani wakakaa mkekani, wameupa mlango mgongo, nyuso ukutani, mpaka pua zinagusa chokaa. Wakamsalia Mtume kwa sauti kubwa. Sauti ile ilikuwa ibada, na ilikuwa pia ya kufunika nyayo za watakaokuja. Mwenye haja aliingia, akachukua, akaenda zake, wala hapana aliyemwona uso. Vyombo vilirudishwa kizingitini siku yoyote, na hakuna aliyeuliza. Na desturi ya pili ilikuwa hii: kilichopikwa jikoni mwao hakionjwi na mtu wa nyumba mpaka daka liwe tupu.

Siku hizi sadaka haijapoa ishapigwa picha, na maskini ameambiwa atabasamu. Haya, tuyaache hayo nisije nikaharibu kisa.

Mwaka mmoja binti yake, Mwana Rukiya, msichana wa miaka kumi na minne, alipika mkate wa sinia peke yake kwa mara ya kwanza. Mkate ukaumuka, ukashika rangi, iliki ikanukia nyumba nzima. Akauweka dakani pamoja na vyakula vingine, akaenda kukaa ukutani na wenziwe. Lakini moyo haukumtulia. Alitaka kujua mkate wake unakwenda kwa nani. Nia mbaya hakuwa nayo, maskini. Akageuza shingo kidogo tu, akamwona mwalimu wake, Mwana Saada, anainua sinia kwa mikono miwili.

Mwana Saada huyo alikuwa mjane, akisomesha watoto wa kike Kurani, na Rukiya mwenyewe alianzia kwake alifu na bee. Mji mzima ulimpisha njia. Hakuna aliyejua kuwa jikoni mwake hakuna kitu, kwa sababu hakuwa msemaji wa shida zake, na wazazi wengi walikuwa wakimlipa dua.

Siku ya pili ya Idi wasichana wakakutana kwenye pembea, huyu anajisifu kwa hina yake, yule kwa nguo. Rukiya naye akasema, "Mkate wangu mimi kauchukua Mwana Saada mwenyewe, kwa mkono wake." Alisema kwa kujivuna, kama anayetaja kuwa nyumba yao imepata mgeni mkubwa. Wenziwe walisikia jingine. Mmoja akauliza, "Kumbe Mwalimu naye hupita madakani?" Wakacheka, na kicheko kile kikaenda nao majumbani.

Haikupita wiki, maneno yakamfikia mwenyewe. Sinia ilikutwa kizingitini kwa Bwana Shekuwe, imesuguliwa inang'aa, na kesho yake chuo chake cha Kurani kikafungwa. Watoto waliambiwa Mwalimu hajisikii vizuri. Rukiya alijua ni nini kimemfunga Mwalimu mlango. Akalibeba jambo lile siku kama sitini, halali vizuri, halili vizuri, na kusema hathubutu.

Ikaja Idi kubwa. Bwana Shekuwe akachinja mbuzi wake, sahani zikapangwa dakani, nyumba nzima ikakaa ukutani ikamsalia Mtume. Walipogeuka, sahani moja ilikuwa bado ipo, imefunikwa kawa lake. Haikuwahi kutokea. Wakangoja. Adhuhuri ikapita. Watoto wadogo walikuwa hawajatia kitu kinywani tangu asubuhi, wakaanza kulia.

Mama yao akasema, "Bwana, hawa watoto wana njaa."

"Najua, Mama Rukiya. Lakini sahani hii ina mwenyewe, na mwenyewe hajaja." Kisha akawatazama watu wake mmoja mmoja. "Kuna aliyegeuka?"

Rukiya akasimama mbele ya baba yake. Angeweza kunyamaza, na hakuna ambaye angejua. Akasema, "Ni mimi, Baba. Si leo, ni Idi iliyopita." Akaeleza yote, la mkate na la pembea, hakuficha kitu.

Mama yake akashika kifua. "Ndiyo maana kwa Mwana Saada sijaona moshi tangu juzi."

Bwana Shekuwe hakumpiga binti yake wala hakumkemea. Alikaa barazani, akasema, "Babu yako alitufundisha kuukabili ukuta huu, binti yangu. Alikuwa akisema njaa mtu huistahimili. Asichokistahimili ni kutazamwa akiwa nayo."

Akaichukua ile sahani mwenyewe, akaenda kubisha kwa Mwana Saada. Mlango haukufunguliwa. Sauti ikatoka ndani, ya adabu na ya mbali: "Allah akuzidishie, Bwana Shekuwe. Mimi sina haja. Wape wenye haja." Akarudi na sahani yake, machozi yanamlenga. "Nikimlazimisha," akasema, "nitakuwa nimemfunua mara ya pili."

Hapo Rukiya akajitanda ushungi, akatoka mikono mitupu.

"Hodi, Mwalimu."

"Nani?"

"Rukiya. Sikuleta kitu."

"Umekuja kutazama, basi?"

Neno lile lilimchoma, na lilikuwa haki yake. Akajibu, "Nimekuja kuungama. Niligeuka, nikaona, nikasema. Kosa ni langu na sina la kujitetea. Na nimekuja kuomba. Kwetu leo hatujala, Mwalimu. Wadogo zangu wanalia. Kama una chochote, tupe kwa ajili ya Mungu."

"Na nyama ya baba yako iko wapi?"

"Ipo dakani. Ina mwenyewe. Sisi hatuonji mpaka daka liwe tupu."

Kila neno lilikuwa kweli, na Mwana Saada alijua kuwa ni kweli. Kisha komeo likavutwa. Akatoka na kibakuli cha uji wa mtama, umepoa, nusu, nao ndio uliobaki nyumbani mwake. Akakiweka kizingitini. Halafu, wanangu, mwanamke yule akageuka. Akauelekea ukuta wake, akamsalia Mtume kwa sauti ile ile aliyowasomeshea watoto wa mji, asimwone anayepokea.

Rukiya akakiokota kibakuli, akaenda nacho huku analia njia nzima.

Bwana Shekuwe alipokiona alisema, "Hiki hatukukipika sisi. Kuleni." Kila mmoja akapata funda moja. Kisha akawaamuru warudi ukutani mara ya pili. Wakamsalia Mtume mpaka sauti zikawakauka, na Rukiya alikandamiza uso ukutani kwa nguvu zake zote. Walipogeuka, daka lilikuwa tupu. Baba akamwona binti yake ana chokaa tele kwenye paji la uso, akampangusa kwa kidole gumba. "Idi njema, binti yangu," akamwambia.

Chuo kikafunguliwa wiki ile ile. Na kila Idi baada ya hapo, mpaka Mwana Saada alipofikwa na ahadi yake, kibakuli cha uji kiliwekwa kizingitini pake, na nyumba ya Bwana Shekuwe ilikwenda kukichukua kwanza.

Bibi yangu, aliyenihadithia haya, alitukalisha ukutani vivyo hivyo. Watoto wa mtaa walitujua siku ya Idi kwa chokaa ya usoni, na bibi alitupangusa mmoja mmoja kabla hatujagusa sahani. Jamani, nimeyakosa yale. Ukitoa, mwanangu, geuka. Na ukimwona anayepokea kila siku, mwombe naye akupe japo funda la uji. Mola awarehemu waja wale wote. Nyumba yetu ya zamani siku hizi imepakwa rangi ya mafuta, isiyomwachia mtu alama. Hata hivyo kila Idi, baada ya sala, mimi hujipangusa paji la uso, kisha nikakitazama kidole changu.