Sponji ya Mzee Kisamo

Mzee Kisamo, mwenye maghorofa matatu, alimletea Fundi Siwatu sponji nene kama godoro, aitandike chini ya sakafu ya mbao.

"Nene hivi itabonyea, mzee, viungio vya mbao vikatike. Nyembamba, ngumu, ndiyo yenyewe."

"Unanifundisha? Weka hiyo! Na sakafu ikilia hata mara moja, utaing'oa uipange upya bure."

"Sawa, mzee. Nipishe siku mbili tu."

Siku ya tatu Mzee Kisamo alitembea juu ya sakafu, akarukaruka. Kimya.

"Umeona, fundi? Sponji yangu ina raha yake!"

"Sikatai, mzee," alisema Siwatu, akikusanya mabaki ya sponji nyembamba. "Tangu niipeleke kitandani kwangu, mgongo hauniumi tena."