Kaptula ya Fundi Kiboko

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walikuwa na nyumba zao, majiko yao na baiskeli zao, na kijiji kizima kilikuwa na cherehani moja tu. Cherehani hiyo ilikuwa ya Kiboko. Sogeeni basi, maana mimi nikikatizwa huwa nanyamaza moja kwa moja.

Huyo Kiboko alikuwa fundi wa aina yake. Hakupima mtu. Akitaka kushona jezi ya baiskeli, alijipima tumbo lake mwenyewe, akakata kitambaa, kwacha, kwacha, akamaliza. Ukilalamika anakwambia, "Nguo haina kosa. Kosa ni lako, huli."

Kila kiangazi kilipoanza, kulikuwa na mashindano ya baiskeli kuzunguka kilima hadi chemchemini. Nyumba ya mshindi ndiyo iliyotangulia kuchota maji chemchemini mpaka mvua zirudi. Na kulikuwa na sheria, Kiboko mwenyewe ndiye aliyeipeleka barazani: hakuna kupanda baiskeli bila sare, jezi na kaptula, kutoka kwa fundi wa kijiji. Mnaona mambo yake?

Basi Kiboko alishinda miaka mitatu mfululizo, na wala hakuwa na mbio. Mwenye miguu ya baiskeli alikuwa Bi Twiga, mrefu na mwembamba kuliko wote. Lakini jezi ya Kiboko kwa urefu ilimwishia juu ya kitovu, na kwa upana wangeingia Twiga watatu. Upepo ukiingia, vuuu, jezi inavimba, baiskeli inagoma. Kaptula ndiyo mbaya zaidi. Mwaka uliopita iliingia kwenye mnyororo, krrrk, Bi Twiga akaenda kutua kwenye miiba.

Kiboko akishashinda, ukoo wake wote hujitosa chemchemini, na wengine wakifika wanakuta tope. Mtoto wa Bi Twiga aliumwa tumbo kiangazi kizima kwa tope hilo. Jirani yao Nguchiro, yule mnyama mdogo mwenye mwili kama kidole, alimsikia akilia kila asubuhi. Ilimuuma sana. Hata wanawe walikunywa tope lile lile.

Siku nne kabla ya mashindano, Nguchiro alikwenda kwa Bi Twiga na kamba ya mgomba mkononi.

"Dada, simama nikupime."

"Unipime ili iweje? Kiboko hapimi mtu."

"Mwaka huu atakushonea nguo itakayokukaa. Kwa mikono yake mwenyewe."

"Nguchiro, una homa wewe."

"Nyoosha shingo, dada. Zaidi. Lo, bado inaendelea?"

Akampanda mpaka kichwani, akashuka mpaka kwato, akafunga fundo kila alipopima, kisha akavikariri vipimo vyote njiani.

Mchana, kama kawaida yake, Kiboko alikwenda kujiloweka. Kaptula yake aliitundika uani. Nguchiro akapenya chini ya ua, akatoboa upindo kwa meno yake madogo, akaivuta lastiki, swiii, ikatoka yote. Halafu akapita kwa Bi Kanga na kwa Mzee Ngiri, akawaomba jambo moja tu: "Mkikutana na fundi leo, mpeni pole. Msiongeze neno."

Sasa ninyi mnatujua sisi watu wa huku. Ukiambiwa umenenepa, unatembea kifua mbele siku nzima. Ukiambiwa umekonda, hata ugali haushuki. Kiboko naye alikuwa hivyo hivyo.

Akatoka majini, akavaa kaptula, akapiga hatua mbili. Pwaa, kaptula chini. Akaipandisha. Pwaa, chini tena.

Bi Kanga akapita. "Shikamoo, fundi. Pole."

"Marahaba. Pole ya nini?"

"Aa, pole tu." Akaharakisha.

Mara Mzee Ngiri huyo. "Pole sana, bwana. Mungu yupo."

Kiboko akaingiwa na hofu. Akarudi chemchemini ajitazame, lakini maji yalikuwa mazito kama uji wa wimbi, na walioyavuruga ni wanawe. Hakuona hata pua yake.

Alipofika nyumbani alimkuta Nguchiro mlangoni.

"Hodi, fundi. Shikamoo." Nguchiro akamtazama, akainamisha macho. "Lo."

"Lo nini?"

"Hapana, mzee, sipendi kumtisha mtu."

"Sema, mwanangu."

"Umekonda."

Kiboko akakaa kitako, kijiji kikatetemeka. "Nimekonda wapi?"

"Kote. Shingo imetoka."

"Shingo?" Akajishika pale ambapo shingo ingekuwa kama angekuwa nayo. "Nguchiro, nitakufa?"

"Hufi. Ila mashindano yamebaki siku nne tu, na kaptula haikai kiunoni. Utapita mbele ya watu hivyo? Jishonee nguo mpya kwa mwili ulionao sasa. Mimi nitakupima, maana fundi hawezi kujipima mgonjwa."

Maneno hayo ya mwisho hayana maana yoyote, lakini mwenye hofu hachambui. Kiboko akamkabidhi futi ya kupimia, akafumba macho asione msiba wake. Nguchiro akamzunguka mbio mbio, akigusa hapa na pale, na kila alipogusa alitaja kipimo cha Bi Twiga.

"Kiuno."

"Ngapi?" Akatajiwa. Chaki ikamdondoka. "Hicho si kiuno, hicho ni kifundo cha mguu."

"Pole, mzee. Mguu sasa." Akataja kipimo chake.

"Mbona mguu umerefuka hivyo?"

"Fundi, wewe unakanda chapati. Ukiubana unga upande huu unatokea wapi? Nyama iliyokuwa pembeni imekwenda juu na chini."

Kiboko akafikiri, akaona kuna ukweli. Akaandika huku machozi yanamtoka.

Tangu hapo akakaa kwenye cherehani, tikitikitiki, asubuhi hadi jioni. Kwa mara ya kwanza maishani alishona kwa kufuata vipimo, tena kwa uangalifu wa mtu anayejishonea nguo ya mwisho. Lakini mafundi mnawajua, kumaliza kwao ni "njoo kesho". Ngoma ya mashindano ililia yeye bado anakata nyuzi. Akabeba nguo kwapani, akakimbilia uwanjani.

Hakimu alikuwa Kifaru. "Sare, fundi."

Kiboko akakunjua kaptula mpya. Akaingiza mguu. Kidole kikaingia, mguu ukakataa. Akageuza upande wa pili. Kidole kile kile.

"Usilazimishe, mzee, itachanika," Nguchiro akasema kwa upole.

"Lakini ni ya kwangu."

Kifaru akakohoa. "Nguo ni ya yule inayomkaa. Nani inamkaa?"

Bi Twiga akajitokeza. Akavaa jezi, ikashuka taratibu ikafika kiunoni na kutulia hapo. Mikono ikafika mwisho wa mikono. Kaptula ikambana pajani bila kumkaba, wala hapakuwa na kitambaa cha ziada hata cha kushika kwa vidole. Akajisikia vizuri mno, hata akataka kulia.

"Na mimi?" akauliza Kiboko.

"Una ile ya zamani," akajibu Kifaru. "Sare ni sare."

Ngoma ikalia, du! Bi Twiga akaondoka, swaaa, upepo ukampita ukakosa pa kushika. Kiboko akafuata, mkono mmoja kwenye usukani, mkono mmoja ameshika kaptula. Tambarare alikwenda vizuri. Kwenye mteremko baiskeli ikashika kasi, ikabidi achague: breki au kaptula. Akachagua breki.

Wanangu, sitaeleza yaliyoonekana. Kijiji kizima kilijikunja kwa kicheko, na Mzee Ngiri akapayuka, "Kha, tumbo lote hilo lilikuwa limefichwa wapi?"

Kiboko akasikia. Akaangalia chini. Tumbo lilikuwapo, lote, halijapungua hata kidole. Akalipapasa na kucheka peke yake kwa furaha, kaptula ingali miguuni.

Alipofika chemchemini, Bi Twiga alikuwa ameshashinda, na mwanawe ameinama anakunywa. Maji yalikuwa meupe, unaona mpaka kokoto. Wana wa Nguchiro walikuwa nyuma yake, na wengine wote wamepanga foleni. Kiboko akasimama mwisho, akamwita Nguchiro.

"Wewe. Ulinipima vibaya."

"Hapana, fundi. Nilipima vizuri sana. Ila sikukupima wewe."

Kiboko akamtazama Bi Twiga, akaitazama ile nguo, mishono yake yote imenyooka. Alikuwa hajawahi kushona nzuri kama ile, na alijua. Akakuna kichwa.

"Kesho niletee na mwanawe nimpime," akasema. "Na umwambie anyooshe shingo."

Na funzo lake ni hili: anayewapima wenzake wote kwa mwili wake, ipo siku atavuliwa nguo mbele yao.