Kiboko Aliyesoma kwa Sauti

Mnaitaka ngano?
— Tunaitaka!
Hata ikiwa chungu?
— Tutaimeza hivyo hivyo!

Basi kwanza niungame, maana Mungu hadanganywi na ngano. Zamani nilikuwa mfagizi katika ofisi yenye kompyuta kubwa, imejaza chumba kizima. Karani mmoja, Bi Mwanakheri, aliandika neno lake la siri kwenye kikaratasi, akakibandika chini ya meza. Nikakiona. Wenyewe walipokwenda kula, nikalitumia neno lile kulipandisha jina la kaka yangu kwenye orodha ya waombaji viwanja. Kompyuta ikaandika: kazi hii kaifanya Mwanakheri. Akafukuzwa. Mimi nikaendelea kufagia. Ndiyo maana ngano hii naisimulia nimeuma meno.

Paliondokea nchi ya wanyama, na nchi ilikuwa kavu. Kisima kilikuwa kimoja, na mlinzi wake ni kompyuta kubwa iliyojaza nyumba ya mawe, ikinguruma nguuu, nguuu. Kila mnyama alikuwa na neno lake la siri. Akilibonyeza, maji ya zamu yake yanatoka, fyooo! Lakini ukikosea mara tatu, mlango wa nyumba unajifunga, klak! Nawe umo ndani, mpaka mwenye neno aje kulibonyeza kwa nje.

Mkubwa wa kisima alikuwa Kiboko, tumbo kama pipa, roho kama shimo. Akatangaza, "Nyie wasahaulifu! Leteni maneno yenu niwatunzie." Swala akapeleka. Ngiri akapeleka. Kanga naye akapeleka.

Ukutani mwa nyumba ile aliishi Mjusi. Adhuhuri moja, wanyama wote wamelala kwa joto, akamwona Kiboko anaingia na kikaratasi cha Kanga. Mguu wa Kiboko ni mnene, ukikanyaga herufi moja unakanyaga nne, kwa hiyo alikuwa amejifunga kijiti. To! To! To! Tena alijifunza kusoma ukubwani, hawezi kusoma bila kupiga kelele. Maji fyooo, yote yakaingia bwawani kwake. Mjusi akaona. Mjusi akanyamaza. Ukuta ulikuwa na joto zuri, na Kiboko ni mkubwa.

Jioni Kiboko akawakusanya wanyama. "Kompyuta imesema aliyeyafungua maji ni Kanga. Na kompyuta haisemi uongo! Siku tatu asipate hata tone. Ya nne ahame."

"Bwana Mkubwa, mimi nilikuwa kichakani na wanangu!"

"Neno ni la nani?"

"Langu, lakini..."

"Basi!"

Siku ya pili kifaranga mdogo wa Kanga akafa kwa kiu. Mjusi akakisikia kilio cha mama. Hasira zikampanda toka mkiani hadi utosini, hasira juu ya Kiboko na hasira juu ya nafsi yake. Akashuka ukutani.

"Mama Kanga, niliona, nikanyamaza. Unisamehe, usinisamehe, hiari yako. Lakini lete sikio."

Akamnong'oneza. Kanga akafuta machozi, akaenda kwa Kiboko na kikaratasi kirefu.

"Bwana Mkubwa, amri yako ni amri. Nimebadili neno langu. Jipya hili hapa."

"Mbona refu hivi?"

"Refu ndiyo salama, Bwana Mkubwa."

Mjusi naye akapita kwa kila mnyama. "Kesho adhuhuri usilale. Njoo nyuma ya nyumba ya mawe. Funga mdomo, fungua sikio."

Adhuhuri ikafika, Kiboko huyo, ndani. To! To! "Mi-mi! Ni-na-ye-so-ma! Ndi-ye! Mwi-zi!" Akili yote ilikuwa kwenye herufi, maana haikumwingia.

Kompyuta ikasema, "Krrr! Sivyo."

Akarudia, sauti juu zaidi. Nje Swala akamkanyaga Ngiri asicheke.

"Krrr! Sivyo."

Mara ya tatu akanguruma mpaka mawe yakatikisika: "MIMI NINAYESOMA NDIYE MWIZI!"

Hapo maana ikamwingia. Klak! Neno jipya la kweli la Kanga lilikuwa kifuani mwa Kanga, halikuandikwa popote.

"Tumesikia, Bwana Mkubwa!" wakasema wanyama.

"Mara tatu!" akaongeza Ngiri.

"Si maneno yangu! Ni karatasi ya Kanga!"

"Na karatasi ya Kanga imefuata nini humo ndani mchana huu?" akauliza Mjusi.

Kiboko akaanza kulia. "Ngozi inanipasuka! Mama Kanga, dada yangu, nitajie neno lako nitoke!"

"Neno la siri, Bwana Mkubwa, ni siri." Kanga akageuka, akawapeleka wanawe waliobaki kunywa bwawani kwa Kiboko.

Siku tatu Kiboko hakupata hata tone. Ya nne Kanga akamfungulia, na Kiboko ndiye aliyehama. Lakini kifaranga hakurudi.

Ngano yangu imefika ukingoni, aliyeimeza asiitapike. Mnataka funzo?
— Tupe!
Ukitaka kuiba, jifunze kusoma kimoyomoyo. Na ukiupata ukuta wenye joto, lala, nyamaza. Wengi tumefaulu hivyo.

Sasa ninalo ombi. Ukikutana na Bi Mwanakheri, aliyekuwa karani, mwambie aliyefanya ni mfagizi, na yuko tayari kulisema mbele ya yeyote.